Nyuma ya Adui Msituni: Anza na Soksi

Vijana wakinitafuta kuniuliza habari za makomando wa msituni, swali la kwanza huwa bunduki gani, la pili kisu gani. Soksi hakuna anayeziuliza. Mimi naanza na soksi. Nimefundisha doria za msituni miaka mingi, sehemu kubwa Uluguru na Udzungwa, na niliowaona wakibebwa kurudishwa kambini waliangushwa na miguu, tumbo au homa. Adui wa mazoezi hakumgusa mtu.

Vitani ni hivyo hivyo. Burma (Myanmar ya leo), katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, Jenerali Mwingereza William Slim alihesabu kwamba kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Hao ni wa jeshi la kawaida, wenye hospitali mgongoni kwao. Wachukue sasa watu wa Orde Wingate, afisa wa Kiingereza, walioitwa Wachindit, waliovuka mto Chindwin Februari mwaka huo wakaingia nyuma ya Wajapani bila barabara wala wodi, chakula chao kikidondoshwa na ndege. Waliingia kama 3,000. Walirudi 2,182, na kati ya hao 600 hivi hawakufaa tena kwa vita.

Mifano yangu mingi itatoka Burma. Ndiko mambo haya yalikojaribiwa kwa gharama kubwa, na wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki zama za ukoloni, walipita kule. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, iliwasukuma Wajapani bonde la Kabaw katikati ya mvua, kuanzia Agosti 1944 hadi Kalewa mwezi Desemba. Hawakuwa makomando, lakini matope ni yale yale, na ruba hawaulizi kikosi.

Ninaloeleza hapa ni doria ndogo: watu wanne hadi wanane, siku kumi hivi, inayokwenda kutazama na kurudi. Mambo ya kulipua na kuvizia siyagusi. Doria nyingi nzuri hurudi bila kufyatua risasi hata moja, maana afande aliyewatuma anataka habari.

Mwili wako

Beba nguo jozi mbili, basi. Moja ya kulowa, moja kavu. Ile kavu inakaa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, na inavaliwa usiku tu, ukishamaliza kila kazi na uko juu ya machela yako ya kulalia. Alfajiri unaivua, unairudisha mfukoni, unavaa ile mbichi, baridi, inayonuka. Hapo ndipo ninapowajua watu. Siku ya tatu hakosi mmoja wa kusema, "Afande, leo nabaki na hizi kavu, jua litatoka." Saa mbili asubuhi kashalowa jasho na umande, na usiku unaofuata hana kitu kikavu duniani. Usiku wa pili wa kulala umelowa, mtu anaanza kutetemeka. Usiku wa tatu, akili yake imeshaondoka kazini.

Soksi zinafuata sheria hiyo hiyo. Kila jioni, kabla giza halijakamilika, vua buti mguu mmoja mmoja. Mmoja uwe ndani ya buti wakati wote, usije ukakimbia pekupeku. Ngozi ya unyayo itakuwa nyeupe na yenye makunyanzi kama vidole vya mtu aliyeshinda anafua. Ikaushe, pitisha kitambaa katikati ya kila kidole, tia poda, vaa soksi kavu. Kiongozi wa doria apite ashike kila mguu kwa mkono wake mwenyewe. Asiulize "Vipi miguu?", kwa sababu kila askari atajibu "Safi, afande". Ashike. Ngozi iliyoanza kuchubuka inaonekana leo. Kesho kutwa itakuwa imebaki ndani ya soksi.

Kila mchubuko wa mwiba utibiwe siku hiyo hiyo. Msituni jeraha dogo halikauki lenyewe.

Ruba usiwavute kwa hasira, kinywa chake kikabaki ndani na pakaoza. Chumvi, tumbaku iliyoloweshwa, au ukucha taratibu pembeni ya kinywa chake, ataachia. Mkaguane wawili wawili, pamoja na sehemu ambazo hutaki kukaguliwa. Wa hatari zaidi ni utitiri. Huyu humwoni. Anapenda nyasi ndefu na vichaka vilivyoota juu ya mashamba ya zamani, mahali panapoonekana pazuri pa kupumzikia, na homa anayoambukiza iliwaua wengi Burma. Paka dawa kwenye pindo za suruali na mikono ya shati, na ukipumzika, kaa juu ya gogo.

Malaria ndiyo inayoonyesha amri ilivyo na nguvu. Dawa ya zama zile ilikuwa mepakrini. Iligeuza ngozi kuwa ya manjano, na askari wakaanza kunong'onezana kwamba inaua nguvu za kiume, basi wakawa wanaificha chini ya ulimi na kuitema. Slim akaamuru vikosi vizima vipimwe kwa kushtukiza. Kikosi ambacho wanaomeza hawakufika asilimia 95, kamanda wake alifukuzwa. Alifukuza watatu tu, wengine wakaelewa. Kwa hiyo kiongozi wa doria, dawa imezwe mbele ya macho yako, kisha mtu afungue kinywa uone. Nimewahi kuambiwa hayo ni mambo ya kitoto. Sawa. Fungua kinywa.

Maji utayakuta mengi, na karibu yote yana kuhara ndani yake. Tia dawa, ngoja nusu saa hata kama koo linawaka. Kuna kikosi cha Wamarekani, watu wa Frank Merrill, walioteka uwanja wa ndege wa Myitkyina, kaskazini mwa Burma, Mei 1944. Walikuwa wameharishwa damu kiasi kwamba baadhi walikata suruali zao nyuma ili wasilazimike kuzivua katikati ya mapigano. Vijana hucheka nikiwasimulia. Wakae wiki moja na tumbo hilo, halafu wacheke.

Mzigo na kelele

Mchindit alibeba zaidi ya kilo 30. Wewe lenga chini ya hapo, na punguza kwa kutoa vitu vizima, usipunguze chakula kidogo kidogo. Kisha fanya jaribio ambalo halina gharama: vaa kila kitu, ruka juu mara tano, wenzako wasikilize. Kinacholia kifungwe kwa utepe au kitambaa. Chupa ya maji iliyo nusu inapiga kelele kuliko bunduki, basi ukinywa, nyweni mmoja mmoja chupa nzima iishe, muihamie nyingine. Mikanda ya kubandua, ile inayolia "krrr", ikate yote ushone vifungo.

Wachindit wa mwaka 1944 walikwenda na nyumbu wa mizigo, wale chotara wa punda na farasi, na madaktari wa mifugo waliwakata nyuzi za sauti ili wasilie. Najua inasikitisha. Lakini ndivyo ukimya ulivyochukuliwa kwa uzito.

Panga liache alani mwake. Mlio wa panga kwenye mwanzi unasafiri mbali, na alama nyeupe ya mti uliokatwa inabaki siku nyingi ikimwonyesha adui ulipopita na ulipokuwa unaelekea. Watu wa doria hubeba mkasi wa bustani, ule wa kukatia maua. Tawi likikuzuia, lishike, likate bila mlio, liweke chini. Ukiweza kulikunja na kulipitisha kwa mwenzako wa nyuma, bora zaidi.

Harufu nayo ni kelele. Siku tatu kabla ya kuondoka acha sabuni ya kunukia, dawa ya meno yenye mnanaa, mafuta ya nywele, sigara. Kulikuwa na kuruta mmoja aliyejificha vizuri sana chini ya mizizi ya mkuyu, ningempita. Sabuni yake ndiyo iliyoniita.

Kutembea

Watu hudhani msituni unatembea. Unasimama zaidi. Mtu wa mbele anapiga hatua tano, sita, anasimama, anasikiliza. Anaangalia kupita katikati ya majani, kwenye matundu meusi nyuma yake, wala hayaangalii majani yenyewe. Jicho lisilozoea linaishia kwenye ukuta wa kijani wa kwanza. Zoezi ninalowapa: kaa chini, tazama mbele, taja kitu cha mbali zaidi unachokiona. Wa kwanza atasema mita tano. Baada ya robo saa huyo huyo anaona gogo mita 20 nyuma ya majani yale yale. Tena ukipiga goti unaona mbali kuliko ukisimama, kwa sababu majani mengi yako usawa wa kifua.

Kilomita moja kwa saa ni mwendo wa haraka. Karibu na adui, kilomita moja kwa siku inatosha, na afande aliyepanga kwa rula kwenye ramani ajue hivyo mapema.

Mtu mmoja ashike dira, mwingine ahesabu hatua. Yule wa hatua apimwe kwanza kwenye mita 100 za msitu wa kweli, akiwa na mzigo, kupanda na kushuka, maana hatua zake za uwanja wa gwaride hazitamsaidia kitu. Kila mita 100 anafunga fundo kwenye uzi. Vifaa vya setilaiti beba, ila chini ya miti mirefu husitasita, na betri hufa. Mkipoteza hesabu, msibishane mkitembea. Simameni, rudini kwenye mahali pa mwisho mnapokubaliana wote.

Njia za miguu usizifuate, hata zikiwa tupu, hata ukiwa umechoka. Njia imepigwa hesabu na watu wote, na adui ni mmoja wao. Ukilazimika kuikata, tazama kwanza muda mrefu pande zote mbili, vukeni pamoja mkiwa mmepangana ubavu kwa ubavu ili nyayo zisifuatane, na wa mwisho afute.

Mito ni jambo jingine kabisa. Mwanzoni mwa Aprili 1943 safu ya Wachindit iliyoongozwa na Bernard Fergusson ilikuwa inarudi ikiwa na njaa, ikafika mto Shweli. Ilishushwa usiku kwenye fungu la mchanga katikati, ikabidi wamalizie kwa miguu kwenye maji yaliyofika kifuani yakikimbia. Baadhi walichukuliwa. Makumi wakakataa kuendelea, wakabaki kwenye mchanga, na Fergusson akaondoka bila wao kabla hakujapambazuka. Wewe vuka asubuhi ukiwa na nguvu, baada ya kutazama ukingo wa pili kwa saa nzima. Funga mzigo ndani ya turubai uelee, legeza mikanda yote, mzuri wa kuogelea atangulie na kamba. Na kila mtu awe ameshajaribiwa majini kabla ya safari. Ukimgundua asiyejua kuogelea mkiwa ukingoni, umeshachelewa.

Kulala na kula

Kwenye tropiki giza halibishi hodi. Saa moja kabla, anza kutafuta pa kulala, na utafute pabaya: mteremko, miiba, mbali na maji na mbali na njia. Palipo pazuri pa kulala adui naye amepaona. Kando ya kijito usilale kamwe. Sauti ya maji itafunika nyayo za anayekuja, na mbu hawatakuacha.

Kabla ya kusimama, pita mahali hapo, endelea mbele kidogo, pindeni mrudi kwa mzunguko mkae mkizitazama nyayo zenu wenyewe. Anayefuata nyayo atapita mbele yenu kwanza. Kaeni kimya mpaka giza liingie kabisa, mizigo mgongoni; ukiacha ile kazi ya miguu, hakuna anayefungua hata biskuti. Ndipo mfunge machela, chini kabisa, makalio karibu kugusa ardhi. Alfajiri ni hivyo hivyo kinyume chake: kila kitu kimefungwa na kila mtu yuko tayari kabla mwanga haujafika.

Moto hakuna. Chai hakuna. Waingereza na Magurkha, askari wao kutoka Nepal, waliovuka mpaka kisiwani Borneo kwa siri kati ya 1964 na 1966 kuwafuata Waindonesia walikula baridi wakiwa upande wa pili, na hawakuacha nyuma hata kipande cha karatasi, maana operesheni zenyewe rasmi hazikuwepo. Uchafu wote walirudi nao. Kina cha kuingia nacho kilikuwa na kikomo, yadi 5,000 mwanzoni, baadaye 10,000. Napenda sana sheria ile. Komando anayejua mwisho wa kamba yake hajiingizi mahali asipoweza kutoka.

Chakula: pakiti zifunguliwe nyumbani, maboksi yabaki. Mgao wa Wachindit ulikuwa biskuti, jibini, njugu, zabibu kavu, tende, chai na sukari, na wa siku tano mara nyingi uliburutwa zaidi ya hapo. Tende naziunga mkono mpaka leo. Hazilii, hazinuki, haziozi. Usitegemee kuwinda wala kuchuma. Kutafuta chakula ni kelele na ni muda, vitu viwili usivyonavyo.

Redio

Kwa kifupi: tuma maneno machache kwa saa iliyopangwa, kisha hama. Waya wa antena urushwe juu ya tawi kwa uzi na jiwe lililofungwa kitambaa. Zamani nyumbu walibeba redio pamoja na injini ya kuchajia betri, na injini ile ilinguruma msitu mzima ukasikia. Siku hizi umepona hilo. Mkihitaji kudondoshewa vitu kwa ndege, jua kwamba ndege ikishapita juu yenu, kila mtu wa wilaya ile anajua mlipo. Okoteni, ondokeni.

Wenyeji

Bila Wakachin wa milima ya kaskazini, Burma ingewameza wageni wote. Walijua njia, walijua nani amepita jana, na Wamarekani wa Kikosi cha 101, watu wa ujasusi, walijenga kazi yao yote juu yao. Kwa hiyo utashawishika kuingia kijijini. Fikiri mara mbili, na usifikiri juu ya usalama wako tu. Meja Mwingereza Hugh Seagrim alibaki milimani kwa Wakaren, kabila jingine la Burma, baada ya Waingereza kukimbia. Wajapani walipoanza kuwatesa wanakijiji wakimtafuta, alijitoa mwenyewe kwao, Machi 1944, ili mateso yakome. Walimuua Rangoon Septemba mwaka ule. Wewe utaondoka siku ya kumi. Wao wanabaki. Kama si lazima wakuone, wasikuone. Na wakikuona, usiwaambie unakotoka wala unakokwenda, maana asichokijua mtu hakiwezi kupigwa kikamtoka.

Majeruhi

Hili vijana hawalipendi, na ndilo ninalolisema polepole.

Mtu mmoja juu ya machela anahitaji wanne wa kumbeba na wanne wa kuwapokea, na mmoja wa mbele. Doria ya watu sita yenye majeruhi mmoja wa kubebwa si doria tena. Mwaka 1943 Wachindit walioshindwa kutembea waliachwa, wengine vijijini, wengine chini ya mti na chupa ya maji na bunduki. Mwaka 1944 mambo yalikuwa bora: ndege ndogo zilitua kwenye viwanja vilivyochongwa msituni, na Aprili mwaka ule helikopta ilitumika kwa mara ya kwanza vitani kuokoa watu, huko huko Burma. Lakini ngome ya Wachindit iliyoitwa Blackpool ilipoanguka mwezi Mei, John Masters aliyeiongoza alikuwa na majeruhi 19 ambao daktari alisema hawana tumaini na hakuna wa kuwabeba. Walipigwa risasi na watu wao, ili wasiangukie mikononi mwa Wajapani.

Simhukumu. Ninachotaka ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike kambini, mkiwa mmekaa kitako na kikombe cha chai, kila mtu akiwepo. Majeruhi atapelekwa wapi siku ya pili? Siku ya saba? Nani atakuja kumchukua, na kama haji? Kiongozi asiyeweza kujibu hayo mbele ya watu wake asiwapeleke. Mengine ni ya mikono: kila mtu awe na bandeji na mkanda wa kuzuia damu kwenye mfuko ule ule wa gwanda, wote kushoto au wote kulia, ili mwenzako aupate gizani bila kupapasa. Na kila mtu ajue kuutumia, asiachiwe daktari peke yake, kwani daktari naye ana damu.

Kurudi

Siku mbili za mwisho ndizo zinazoua. Umechoka, umepungua, unasikia harufu ya nyumbani, na walinzi wa upande wako wana vidole kwenye kifyatulio cha bunduki. Usirudi kwa njia uliyoingilia. Usikaribie mstari wenu usiku hata kama unauona. Lala nje usiku mmoja zaidi, toa taarifa kwa redio, njoo mchana mahali palipokubaliwa, mmoja mbele mikono ikionekana, neno la siri likiwa la tarehe ya leo. Hakikisheni hesabu ya tarehe, watu hupoteza siku msituni.

Kabla ya kuoga, kabla ya nyama, kaeni pamoja mwandike mlichokiona, kila mtu achore ramani yake bila kuchungulia ya mwenzake. Ukilala kwanza, nusu imekwenda. Kisha miguu iangaliwe na mtu wa tiba, hata kama haiumi.

Na dawa ya malaria usiiache siku unayotoka. Endelea nayo kwa muda wote daktari aliokuandikia, wiki kadhaa, kwa sababu vijidudu ulivyopewa siku ya tisa bado havijatoka kwenye ini.